Mnasema mbegu ni bora: bora mbele ya ugonjwa gani?

KALEMIE – Mwezi wa kwanza na wa pili, mvua ikiwa imeshika, tembea katika mashamba ya kandokando ya Lukuga, au katika yale ambayo familia za wahami wa vita zimekodi nyuma ya kambi za Katanika na Kalunga. Usiangalie urefu wa mahindi, angalia majani. Shamba moja utaona mistari ya rangi nyeupe-njano, imekatikakatika, inafuata mishipa ya jani toka chini mpaka kwenye ncha. Mmea wenyewe umedumaa: wenzake wamefika kifuani, wenyewe bado uko kwenye magoti. Shamba lingine utaona vidonda vya kijivu, virefu na vyembamba, kama mtu alipima kwa rula. La tatu, ukigusa jani, vumbi jekundu la kutu linabaki kwenye vidole.

Sasa mwulize mama mwenye shamba: mbegu hii ulitoa wapi? Atakujibu, ni mbegu ya msaada, walituambia imeboreshwa. Mwulize tena: inaitwa nani? Hapo atacheka. Mbegu ikaitwe nani, wewe mwandishi? Mahindi ni mahindi.

Ndugu wasikilizaji, ndugu wasomaji, leo sileti habari ya boti wala ya mkutano wa wakubwa. Ninaleta ubishi, na ninausema wazi: mbegu ya mahindi inayogawiwa katika jimbo hili bila jina, na bila kujaribiwa hapa mbele ya magonjwa yetu ya majani, siyo msaada. Ni kamari. Na wanaochezeshwa kamari hiyo ni watu ambao hawana tena kitu cha kupoteza. Uchungu zaidi ni huu: dawa ya jambo hili inajulikana zamani. Iko ndani ya mbegu yenyewe, kama mbegu imechaguliwa vizuri.

Mtu asiseme ninapinga misaada. Watu walipoanza kukimbia kwa wingi mwaka 2016, wakati vita kati ya Watwa na Waluba ilipowaka Nyunzu, Manono na hapa teritware ya Kalemie, nani aliyewapokea bila msaada? Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likameza nyumba na mashamba ya pwani, misaada ilisaidia. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu tulipanda mbegu iliyotoka kwenye mgawo, jirani alitupunguzia. Tulilima, tulipalilia mara mbili, tulifukuza ndege. Tulivuna magunzi. Aliyetuletea hakuwa na nia mbaya. Lakini nia nzuri haijazi chungu cha bukari.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi watu wa Tanganyika tumewapa wageni wetu jembe. Wengine tumewapa na kipande cha shamba, kwa kulipa franka, kwa kugawana mavuno, au kwa kumlimia mwenye shamba siku kadhaa za juma. Lakini jembe bila mbegu yenye kuzaa ni nini? Ni kumchosha mgeni.

Tuelewane kwanza juu ya magonjwa yenyewe, kwa sababu watu wengi wanayachanganya. Kuna viwavi, wale wanaotoboa majani na kuacha kinyesi kama unga wa mbao katika moyo wa mmea. Hao ni wadudu, unaweza kuwaona na kuwaua kwa mkono. Sizungumzi juu yao leo. Ninazungumza juu ya magonjwa ambayo hayana mwili wa kushika.

Ile mistari nyeupe-njano ni ugonjwa wa milia. Unaletwa na virusi, na virusi hivyo vinabebwa na kadudu kadogo kanakorukaruka, kasichozidi milimita 3 hivi. Kadudu hako kanafyonza majani ya nyasi za porini zenye ugonjwa, kisha kanaruka mpaka kwenye mahindi yako. Ukipigwa mmea ukiwa bado mchanga, katika majuma ya kwanza baada ya kuota, hautatoa kitu, au utatoa kigunzi cha punje tano. Ukipigwa ukiwa umeshakomaa, unaweza kuzaa. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mmea ulioingiwa na virusi. Anayekuuzia chupa kwa ajili hiyo anakuibia.

Vile vidonda vya kijivu vyenye kingo zilizonyooka ni ugonjwa wa ukungu. Unapenda joto na unyevu, na unalala ndani ya majani makavu ya mahindi ya mwaka jana, ukingoja mvua. Kuna ukungu mwingine wenye madoa makubwa marefu, mfano wa mtumbwi: huo unapenda baridi ya milimani. Na kuna kutu, ambayo vumbi lake linasafiri na upepo. Magonjwa haya yote yanafanya kazi moja: yanaua jani. Na jani ndilo jiko la mahindi, punje zinapikwa pale. Jani likikauka kabla gunzi halijajaa, umelima bure.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo jambo ambalo halisemwi katika mikutano ya mgawo. Ugonjwa wa milia unawachapa zaidi wanaopanda kwa kuchelewa. Vile vidudu vinazaliana kwenye nyasi na kwenye mahindi ya waliowahi. Mahindi ya waliowahi yakikomaa na kukauka, vidudu vinahama, vinatafuta majani mateke. Vinakuta wapi? Kwa aliyechelewa. Na katika Tanganyika yetu nani anachelewa kupanda? Ni mhami. Anachelewa kwa sababu alitafuta shamba la kukodi wakati wenyeji walishapanda. Anachelewa kwa sababu alianza kumlimia mwenye shamba kabla ya kujilimia. Anachelewa kwa sababu mbegu ya mgawo ilifika mvua ikiwa imeshapiga majuma mengi.

Kwa hiyo mhami, kuliko mkulima mwingine yeyote, anahitaji mbegu yenye nguvu ya kupambana na milia. Na ndiye anayepewa mbegu isiyo na jina. Aliyechelewa tukampa mbegu dhaifu, halafu mwisho wa msimu tunaandika ripoti kwamba watu hawa hawajui kulima!

Mtu atasema: je, mbegu yenye nguvu hiyo ipo kweli, au mwandishi anaota? Ipo, na habari yake ni ya zamani. Ng'ambo ya ziwa, katika Tanganyika ile iliyokuwa chini ya Waingereza, kulikuwa na kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Mtaalamu Storey alifanya kazi pale toka mwisho wa miaka ya 1920. Tayari alikuwa ameonyesha, huko Afrika Kusini, kwamba ni kale kadudu kanakobeba ugonjwa wa milia. Mwaka 1932 alionyesha jambo lingine la ajabu: katika aina ile ile ya kadudu, wengine wanaweza kubeba ugonjwa na wengine hawawezi, na uwezo huo wanaurithi kwa wazazi wao. Yaani karibu miaka mia moja iliyopita, adui alikuwa ameshajulikana jina na tabia.

Kisha ikafuata kazi ya kutafuta mahindi yenye kinga. Miaka ya 1970, huko Ibadan, Nigeria, watafiti wa kituo cha kimataifa kinachoitwa IITA walifuga vidudu hivyo kwa maelfu ndani ya vizimba. Waliviweka kwanza kwenye mimea yenye ugonjwa vishibe virusi, halafu wakavimwaga juu ya miche ya mahindi, kila mche upate vyake. Miche mingi ilidumaa. Michache ilibaki kijani. Hiyo michache ndiyo waliyoipandisha na mahindi mengine yenye mavuno mazuri, wakarudia tena na tena, kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo iliwapatia mwaka 1986 tuzo ya kimataifa yenye jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Ndiyo, Baudouin yule yule ambaye Kongo ilijitwalia uhuru mbele ya macho yake mwaka 1960.

Angalieni vizuri kwa nini walimwaga vidudu kwa mkono. Ni kwa sababu katika shamba la kawaida mmea unaweza kubaki mzima kwa bahati tu: kadudu hakakuufikia. Huo hauna kinga, umesahauliwa. Ukitoa mbegu yake ukifikiri ni shujaa, mwaka ujao utalia. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kuchagua mbegu na kubahatisha mbegu. Mbegu haijapita mtihani mpaka ugonjwa uwe umeifikia kweli.

Na nchi yetu haikuwa nyuma. Miaka ya 1970 Zaire ilikuwa na Programu ya Taifa ya Mahindi, ikifanya kazi na watafiti wa kituo cha CIMMYT cha Mexico. Ilikuwa na mashamba yake Gandajika, huko Kasai, na katika Shaba karibu na Lubumbashi. Ilitoa mbegu zenye majina: Salongo, Kasai 1, Shaba 1. Ona, mbegu zilikuwa na majina! Bibi zetu waliweza kusema, mwaka huu ninapanda Salongo. Leo mjukuu wa bibi yule anapanda "mbegu ya msaada". Hayo ni maendeleo?

Sasa nije kwa wakubwa, na kwa mashirika, nijibu maneno wanayoyasema.

Neno la kwanza: mbegu hizi zimethibitishwa, zina karatasi. Sawa. Zimethibitishwa wapi? Karatasi nyingi inasema tu kwamba mbegu ni safi na inaota. Kuota siyo kuzaa. Na hata kama ilijaribiwa mbele ya magonjwa, ilijaribiwa kwenye hewa ya wapi? Kituo cha INERA cha Kipopo kiko karibu na Lubumbashi, kwenye mwinuko wa metro 1 200 na zaidi kidogo. Mulungu, huko Kivu Kusini, iko juu zaidi. Sisi hapa pwani ya ziwa tuko chini ya metro 800, kuna joto, na unyevu wa ziwa unalala kwenye majani asubuhi yote. Milia inapenda hapa, kutu ya joto inapenda hapa, vidonda vya kijivu vinapenda hapa. Lakini panda milima ya Marungu, teritware ya Moba, ambako unapita metro 2 000: kule adui mkubwa ni yale madoa ya mtumbwi. Jimbo ni moja, magonjwa ni tofauti. Mbegu inayofaa Marungu inaweza kufa hapa Kalemie, na ya hapa inaweza kuoza kule. Atakayeleta gunia la aina moja kwa Kalemie, Moba, Nyunzu, Kabalo, Kongolo na Manono, anajua kuhesabu tani. Mahindi hayajui.

Neno la pili: hii ni dharura, hakuna wakati wa majaribio. Neno hili lilikuwa la kweli katika mwaka wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2017 sasa anasoma na kuandika. Jaribio la mbegu linaomba misimu miwili. Toka mwaka ule misimu mingapi imepita? Dharura inayodumu zaidi ya darasa la msingi haiwezi kuwa sababu ya kutokujua. Zaidi ya hapo, hakuna anayedai tuanze kutengeneza mbegu mpya toka mwanzo hapa Kalemie. Kazi hiyo inakula miaka mingi, hata kama leo kuna vituo kama kile cha Kiboko, Kenya, vinavyoifupisha. Tunachodai ni kazi ndogo: kuchukua mbegu kumi ambazo tayari zinasemwa zina kinga, kuzipanda mistari kwa mistari hapa, na kuangalia majani.

Neno la tatu linatoka kwa wakulima wenzangu, na hili ninaliheshimu zaidi: mbegu ya wazee wetu ndiyo bora, tuache za kigeni. Kuna ukweli ndani yake. Mbegu ya kienyeji imezoea udongo wetu, unaweza kuitunza mwenyewe kila mwaka, na ladha yake tunaipenda. Lakini tusijidanganye. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, yalifika Afrika baada ya mwaka 1500. Virusi vya milia ni vya Afrika, vilikuwa katika nyasi zetu kabla ya mahindi kufika. Mahindi ndiyo mgeni, ugonjwa ndio mwenyeji. Kwa hiyo hakuna mbegu ya babu iliyozaliwa na kinga kamili kwa sababu tu ni ya babu. Ile yenye kinga lazima itafutwe, hata katikati ya mbegu zetu za kienyeji. Ndiyo maana ninasema ziingizwe katika mtihani ule ule, mstari karibu na mstari, zisidharauliwe na zisipewe heshima bila kushindana.

Neno la nne: mbegu ya kisasa ya kununua kila mwaka inazaa zaidi. Inaweza kuzaa zaidi kwa mwenye pesa. Mbegu ile ya chotara, ukipanda punje za mavuno yake, mwaka wa pili inapoteza nguvu na mimea haifanani tena. Mama wa Katanika ambaye hana hakika atakuwa wapi mwezi wa kumi ujao, atanunua tena na nini? Kwake inafaa mbegu ya kurudia, ile ambayo unaweza kuitunza misimu kadhaa bila kuharibika sana. Kati ya mbegu za namna hiyo ziko zenye kinga ya milia. Kumgawia chotara bila kumweleza jambo hili ni kumkopesha bila kumwambia siku ya kulipa.

Wako wanaofikiri maneno haya ni ya mashamba madogo ya maskini tu. Hapana, hata matajiri walipigwa. Mwaka 1970, huko Marekani, wakulima walikuwa wamepanda karibu kila mahali mahindi yaliyotoka kwenye ukoo mmoja, kwa sababu ulirahisisha kazi ya kutengeneza chotara. Ukungu mmoja wa majani ukapata njia ya kuushambulia ukoo huo. Katika msimu mmoja ulikula karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima. Wale walikuwa na akiba na benki. Sisi tunapewa mbegu ya aina moja kwa maelfu ya familia, akiba yetu ni nini?

Na karibu zaidi: mwaka 2011, huko Bomet, Kenya, mahindi yalianza kukauka toka kwenye moyo, majani yakawa ya njano, magunzi matupu. Ilikuwa virusi viwili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja. Mbegu zilizokuwa zinasifiwa madukani zilianguka karibu zote. Wakenya walifanya nini? Mwaka 2013, pamoja na CIMMYT, walifungua huko Naivasha shamba maalum la kuiambukiza kila mbegu kwa makusudi, waone ipi inasimama. Baada ya miaka michache wakulima walianza kupata mbegu zinazovumilia. Ugonjwa ule haukubaki Kenya. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba uko pia Kivu Kaskazini, upande wa Beni na Lubero. Na huu, tofauti na milia, unaweza kusafiri ndani ya punje ya mbegu, hata kama ni punje chache kati ya nyingi. Watu wanashuka kila mwaka toka Kivu kuja kwetu wakikimbia risasi, na magunia ya mahindi yanashuka katika boti zile zile. Siwalaumu watu: anayekimbia anabeba alichonacho. Ninauliza wenye kazi ya kuangalia: nani anaangalia majani hapa bandarini na mashambani? Tutangoja Bomet yetu ndipo tuamke?

Niseme pia yale ambayo kinga ya mbegu haiwezi, nisije nikawa kama muuza dawa wa sokoni. Kinga siyo ukuta. Ukungu unabadilika, na kinga inayosimama juu ya jeni moja tu inaweza kuvunjwa baada ya miaka michache. Imetokea kwa ule ugonjwa wa madoa ya mtumbwi. Ndiyo sababu watafiti wanatafuta mbegu yenye jeni nyingi ndogondogo za kinga kwa pamoja, na ndiyo sababu mtihani haufanywi mara moja ukafungwa. Halafu mkulima bado ana kazi yake: kupanda mapema awezapo, kufukia au kuondoa mabua yenye ugonjwa, kubadilisha mahindi na maharage au karanga. Lakini ukimwambia mhami mwenye robo hekta ya kukodi abadilishe mazao na apande mapema, bila kumpa mbegu inayosimama, umempa mahubiri.

Basi, tunadai nini? Ninayaandika wazi ili mtu asiseme wakaaji wa Kalemie wanalalamika tu.

Kwanza, jina. Kila mfuko wa mbegu unaogawiwa katika jimbo uwe na jina la mbegu kwa Kiswahili kinachosomeka, mahali ilipotoka, kama ni ya kurudia au ya chotara, na magonjwa inayovumilia. Hata kidonge cha malaria hakitolewi bila jina.

Pili, shamba la mtihani katika kila upande wa hewa: moja hapa karibu na ziwa, moja Nyunzu au Kabalo, moja juu Marungu. Aina kumi hivi, pamoja na za kienyeji, misimu miwili, na mstari wa mahindi dhaifu katikati ili ugonjwa uje kweli. Hiyo siyo kazi ya mabilioni. Gari moja la semina lingeweza kununuliwa nusu tu, na pesa zikabaki.

Tatu, wahami na wenyeji, Watwa na Waluba na Watabwa na wengine, waitwe kuangalia mashamba hayo kwa macho yao na kuchagua. Kati ya wahami wako watu waliolima miaka 30 huko walikotoka. Wanajua jani. Wengine wapewe kandarasi ya kuzalisha mbegu iliyoshinda, ili pesa ya mbegu ibaki katika jimbo badala ya kwenda kununua mbali.

Nne, wakati. Mbegu inayofika baada ya mwezi wa kumi na moja isihesabiwe kuwa imegawiwa vizuri. Ikichelewa, ichelewe ikiwa ile yenye kinga ya milia, na yenye kukomaa haraka.

Tano, isigawiwe aina moja kwa watu wote.

Wabunge wa jimbo wanaosoma hapa wakumbuke: serikali za Afrika, na yetu ikiwemo, ziliahidi huko Maputo mwaka 2003 kwamba asilimia 10 ya bajeti itaenda kwa kilimo. Hatuombi asilimia zote siku moja. Tunaomba mashamba matatu.

Na ninyi mama na baba zangu wa Katanika, wa Kalunga, wa vijiji vyote, msingoje wabunge. Siku ya mgawo, kabla ya kuweka kidole kwenye karatasi, inua mkono uulize maswali matatu: mbegu hii inaitwa nani? Inavumilia ugonjwa gani? Ilijaribiwa wapi? Usiogope kuondolewa kwenye orodha. Ulizeni watu kumi, hawataondoa watu kumi. Shambani, wakati mahindi yanatoa ndevu, tafuta mmea wenye majani mabichi uliozungukwa na wagonjwa pande zote, siyo ule ulioko peke yake pembeni. Ufunge uzi. Tafuta mingi, siyo mmoja. Magunzi ya mimea hiyo usiyachome na usiyauze: ndiyo mbegu yako. Haitakuwa kazi ya Ibadan, lakini ni bora kuliko kuchagua gunzi kubwa ghalani bila kujua jani lake lilikuwaje.

Msimu ujao nitarudi katika mashamba yale yale ya Lukuga, mwezi wa kwanza, na nitawauliza wenye mashamba swali lile lile. Kama jibu bado litakuwa "ni mbegu ya msaada", basi tujue kwamba hakuna aliyesaidiwa.